Bibi Alipotaka Kwenda Kwao Buger

Harufu ya mbaazi zikichemka kwenye moto wa kuni hunirudisha kijijini kwetu Daa, msimu ule wa baridi ambao ukungu ulilala shambani hadi karibu na adhuhuri. Nilikuwa darasa la nne. Bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akimjua kila ng'ombe na ukoo wake, alianza kusahau. Alitia chumvi mara mbili, akaniita kwa jina la shangazi, na kila alasiri alijifunga shuka na kuaga: anakwenda kwao Buger, alikozaliwa, mama yake anamngoja. Baba alimwambia ukweli, "Mama, mama yako alishafariki zamani." Bibi alilia kila alipoambiwa, kana kwamba msiba ni wa leo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Siku moja alitoka bila sisi kumwona, ukungu ukiwa mzito. Majirani waliitana kwa Kiiraqw kutoka shamba hadi shamba, mpaka mama yangu, nami nyuma yake, alipomkuta korongoni, miguu imejaa tope, anatetemeka. Nilidhani atamgombeza. Alivua sweta lake akamvika.

"Mama, unakwenda wapi?" alimuuliza mkwewe.

"Kwetu."

"Basi twende wote. Mama yako anapenda kupika nini?"

Bibi akaanza kusimulia mboga za kwao na maziwa ya mgando, huku mama akimgeuza taratibu. Masimulizi hayajaisha, tukawa tumefika nyumbani, naye akaketi kuota moto ametulia.

Tangu hapo hakuna aliyebishana naye tena, hata baba. Mama alitundika kitambaa chekundu kwenye mlango wa choo ili asihangaike kuutafuta. Alimpa ungo wa mbaazi kavu apepete, maana mikono yake haikuwa imesahau kazi. Alasiri nilitembea naye kuzunguka shamba.

"Wewe mtoto wa nani?" aliniuliza.

"Wako, Bibi."

"Ndiyo maana unatembea vizuri."

Sasa naishi Karatu mjini. Ugonjwa ule una jina siku hizi, na ukienda kliniki utaelezwa. Nafurahi, kwani mama hakuwa na wa kumweleza, alijifunza kwa kupapasa. Ila mjini naona wazee wakifungiwa ndani kwa kufuli wasipotee, na jirani wa ukuta wa pili hajui kama yumo mtu. Bibi hakupona. Mwishoni hakumtambua hata baba. Lakini yeyote kati yetu alipomnyooshea mkono, aliushika bila woga.