Alama Aliyoifuta Hajra

Hajra binti Allarakha alicheza tenisi ya kulipwa miaka tisa, na hakuna aliyemjua. Mji wa Kale wa Mombasa walimwita yule wa duka la mapazia. Huko ng'ambo hawakumwita kitu. Mashindano yake yalikuwa ya daraja la chini kabisa, yale ambayo mtazamaji ni mama wa mchezaji mmoja na paka wa hoteli. Alifua sketi zake kwenye sinki, akashindwa, akapanda ndege tena. Majirani walidhani anatalii.

Babake alimvumilia kwa sharti moja. "Maadamu jina lako limo kwenye orodha ya wachezaji wa dunia, hata liwe la mwisho, nenda," alimwambia. "Likitoka, warudi dukani. Na sitaki kilio."

Raketi alifunzwa na Mzee Baya, mwalimu wa uwanja wa udongo mwekundu upande wa Feri, karibu na kivuko. Upepo wa pale hauna huruma, hupeperusha udongo mpaka mistari ikapotea. Basi Baya alikuwa na adabu yake, na asiyeishika alitolewa nje: mpira ukianguka karibu na mstari, pointi ikiisha unapangusa pale kwa kiatu, mwenzako auone mstari vizuri. "Futa, mwanangu, futa." Hajra alifuta tangu utotoni, mpaka mguu ukawa hauulizi kichwa.

Mwaka jana, huko Uturuki, pointi zake za zamani, zile zilizomweka kwenye orodha, zilikuwa zinaisha muda. Akishinda mechi ile, jina linabaki, akishindwa, linatoka. Alipangiwa Mreno. Mombasa na Wareno wana kesi ya zamani, lakini huyu maskini alikuwa hohehahe kama yeye. Jana yake walikuwa wamegawana sabuni.

Hajra alicheza kama aliyepagawa. Seti ya mwisho ikabaki pointi moja tu amalize. Mreno akapiga mpira, ukatua nje ya mstari wa nyuma, miguuni pa Hajra. Nje, tena waziwazi. Refa akaita nje. Mreno akainua mkono kutaka alama ya mpira ikaguliwe kwenye udongo, na hiyo ni haki ya mchezaji. Refa akashuka kitini. Kumbe mguu wa Hajra ulikwishapita pale, umepangusa kwa adabu zote.

"Umefuta alama," refa akamwambia. "Kwa sheria, umekubali mpira ulikuwa ndani. Pointi ni yake."

Hajra aliapa, akalia, akaeleza habari za upepo wa Feri kwa mtu asiyeijua Feri. Pointi zilizofuata alizipiga nje, na mechi ikaenda kwa Mreno.

Sasa anapima mapazia, na kila mita anaipima kwa hasira. Kwa Mzee Baya, Hajra alisema tu kwamba Mreno alimzidi nguvu.

Juma lililopita alipita uwanjani kumwamkia. Baya alikuwa akimfunza binti mdogo aitwaye Duaa. "Futa, mwanangu, futa," alikuwa akisema.

"Usifute!" Hajra alipiga kelele, hata mwenyewe akashtuka. "Usifute, watakunyang'anya!"

Mzee aligeuka. Alimtazama Hajra usoni, kisha akamtazama miguuni, kwenye kiatu.

"Ndivyo ilivyokuwa Uturuki?"

Hajra akaurudisha mguu nyuma.

"Mimi ndiye niliyekufunza," Baya alisema, akangoja Hajra aseme kosa si lake.

Hajra alimpenda mzee huyu kuliko babake mzazi. Alifungua kinywa amkatalie, na neno halikutoka.