Tabaka la Tatu la Wino Mweusi

Saa mbili na robo asubuhi dada yangu alinipigia simu kutoka Myanga. Vifaranga wake, aliowanunua kwa akiba yake yote, walikuwa wamefumba macho na kujikunyata pembeni.

"Kengele imelia?" nikamuuliza.

"Ilie wapi! Imekaa kimya kama mgeni aliyeshiba."

Kengele hiyo niliitengeneza mwenyewe Kitale, ninakokarabati redio, ili imwonye amonia, gesi kali itokayo kwenye kinyesi cha kuku, inapozidi bandani. Kiini chake kilikuwa kipande cha karatasi kilichopakwa wino wa mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu. Amonia ikigusa ukuta wa mrija, umeme hupita kwa shida. Hapo kengele hulia.

Nilipopaka tabaka la kwanza dada alikuwa amenitembelea. Kwao yeye ndiye huitwa nyumba inapokandikwa.

"Si karatasi bado inaonekana? Ongeza, bana. Udongo wa mkono mmoja hupasuka."

Niliona anasema kweli. Nikapaka matabaka matatu.

Nilifika Myanga kabla ya adhuhuri. Mlangoni tu macho yaliniwasha. Tuliondoa magunia aliyoziba nayo madirisha kwa sababu ya baridi, tukatoa maranda ya sakafuni yaliyolowa. Kisha nikashika juu ya maranda hayo vipande viwili, kile cha matabaka matatu na kingine cha tabaka moja nilichobakiza, nikaviunganisha na mita ya umeme kwa zamu. Cha kwanza hakikusogeza mshale kwa kiasi cha kuonekana. Cha pili kiliusukuma mbali.

Nikamweleza dada. Gesi hugusa mirija ya juu. Ya chini, iliyofunikwa, huendelea kupitisha umeme kana kwamba hakuna kilichotokea. Tena unga wa kaboni niliokuwa nimenunua wa kutengenezea wino ulikuwa wa bei nafuu, wa mirija iliyovikwa mmoja ndani ya mwingine, na ule wa ndani haukutani na gesi.

"Ati ukuta wangu ulikuwa mzuri mno?"

"Mzuri wa nyumba. Huu tunataka uvuje."

"Basi siku nyingine usiniulize mambo ya kuta."

"Sikukuuliza."

Alicheka kidogo, akarudi kuwahesabu vifaranga. Nilifunga kwenye kengele kile kipande cha tabaka moja. Wiki iliyofuata chombo cha maji kilivuja, maranda yakalowa, kengele ikalia, naye akabadilisha maranda kabla hajasikia harufu. Hakufa hata mmoja.

Waliokufa asubuhi ile walikuwa thelathini na wanane. Shilingi elfu tatu na mia nane.