Mama Geji na Wifi Yake

Abiria ndio waliombandika jina la Mama Geji, kwa jinsi macho yake yasivyobanduka kwenye geji za injini, ila wifi yake ndiye aliyelitia sumu. Kila akilitamka alibetua midomo kama aliyetafuna kidonge. Boti ilikuwa ya baba mkwe. Alipofariki, mama mkwe aliamua mkamwana aendeshe, binti yake apange abiria na kufunga kamba. Basi wawili hao wakawa wanavuka mto kutwa nzima, kila mmoja kamnunia mwenzake.

Mama Geji hakuwasha injini kabla ya kupima oili, kunusa kama petroli imevuja, na kujifunga kwenye kifundo cha mkono kile kikamba chekundu kinachozima injini dereva akianguka majini.

"Mwoneni, kajifunga kama mbuzi," wifi aliwaambia abiria. "Anaogopa asijitoroke."

Mama Geji akakikaza kikamba, akawasha injini.

Asubuhi moja, katikati ya mto, boti ya washindani iliwapita huku watu wake wakiwazomea. Mara mshale wa geji ya joto ukaanza kupanda. Mama Geji akageuka nyuma. Maji ya kupozea injini, ambayo siku zote huruka kwa nguvu, yalikuwa yanadondoka tu. Akapunguza mafuta.

"Unapunguza nini? Huoni wanatupita?"

"Injini inachemka."

"Injini au roho yako? Kaka yangu alioa mke au fundi saa?"

"Keti, wifi."

"Kwenye boti ya baba yangu, mimi ndiye wa kuambiwa niketi?"

Wifi akaurukia mkono wa kuongezea mafuta, akausukuma hadi mwisho. Boti ikainua pua, vikapu vikabiringika. Mama Geji hakugombania. Alivuta mkono wake tu. Kikamba kikachomoka, injini ikazimika, na wifi aliyekuwa amesimama akaangukia mapajani mwa abiria mmoja, fundi cherehani.

Hakuna aliyecheka, maana mto ulishaanza kuwachukua.

"Nanga," Mama Geji alisema. Fundi akaitupa.

Mama Geji akaiinua injini kutoka majini. Mfuko wa plastiki ulikuwa umeziba tundu la kuvutia maji. Akaubandua, akautupa miguuni pa wifi. Wakangoja injini ipoe, abiria wakinung'unika, wengine wakimlaumu Mama Geji yeye yeye. Alipowasha tena maji yakaruka, mshale ukatulia.

Jioni wifi aliwahi kwa mama yake kushtaki.

"Umemdhalilisha mwanangu mbele za watu," mama mkwe alimwambia Mama Geji alipoitwa.

"Ndiyo, mama. Na akigusa tena, nitamdhalilisha tena. Kama hamtaki, aendeshe yeye." Akaweka ufunguo mezani.

Wifi aliutazama, asiuchukue. Mama mkwe akausukuma kwa ncha ya kidole kuelekea kwa mkamwana, kama anayeondoa makombo.

Kesho yake wifi alifunga kamba na kukaa kule mbele, mbali na usukani. Hata salamu waliyokuwa wakitupiana shingo upande kila asubuhi ikafa.