Boya la Nne

Katika hifadhi ya bahari walimwita Bi Mstari, na jina hilo alilifanyia kazi. Mvuvi yeyote aliyesogelea maboya ya manjano alisikia wimbo uleule: "Mstari, jamani, mstari! Huko vua mpaka uchoke, huku waache chewa wazae." Alianza hapo kama mfagiaji wa ofisi, akajifunza kuogelea akiwa na miaka thelathini na watoto wawili, wanaume wakimcheka mbavu ziwaume. Sasa ndiye aliyetunza maboya yote sita: kuyasugua, kuyapaka rangi, kuyafungia kamba. Aliyapenda kuliko masufuria yake, na mumewe, fundi cherehani, hakuchoka kumwambia hivyo.

Basi asubuhi moja boti ya doria, naye akiwamo, ikamkuta shemeji yake, mdogo wa mumewe, ametega nyavu karibu na boya la nne. Karibu, lakini nje. Macho ya Bi Mstari yaliona nje kabisa. Kifaa kipya cha kupimia, kile kinachosoma setilaiti, kikasema ndani, tena ndani hatua sitini.

"Shemeji, leo umeamka na utani," yule bwana alisema akicheka. "Boya lako si hilo hapo? Umelipaka rangi mwenyewe."

"Naliona."

"Sasa mimi niko wapi?"

Bi Mstari akatazama boya, akatazama kifaa, akakipiga kikofi kama redio mbovu. Kikasema vilevile. Hakujua ashike lipi, aache lipi. Nahodha wa doria, mtu wa maneno machache, akaandika: ndani. Mashua ikafungwa nyuma ya boti, ikakokotwa mpaka ofisini. Kesho yake mkuu wa hifadhi angeamua, na kanuni ilikuwa fupi: anayevua ndani, mashua yake haimrudii.

Nyumbani cherehani ilikuwa kimya. Habari mbaya haina miguu, lakini hufika kwanza.

"Alikuwa ndani au nje?" mumewe aliuliza.

"Nje. Yaani ndani. Sijui, baba watoto."

"Mashua ile ndiyo shamba lake na ndiyo duka lake. Wewe usipoujua mstari, nani ataujua?"

Alasiri hakuweza kutulia. Akachukua miwani ya kupigia mbizi, akaomba mtumbwi wa ofisi, akaenda kuzama penye boya la nne.

Chini alilikuta tofali la zege linaloshikilia boya. Nyuma yake nyasi za bahari zilikuwa zimelimwa mfereji mrefu, kama vile mtu ameburuta kabati sebuleni. Bi Mstari akaufuata mfereji mpaka pumzi ikamwishia, akaibuka, akazama tena. Ndipo alipoielewa kamba. Ilikuwa fupi. Yalipokuja maji makubwa ya bamvua, bahari ilipanda kuliko urefu wake, boya likalinyanyua tofali, mkondo ukalisukuma ndani ya hifadhi, kidogo leo, kidogo kesho. Kila mtu wa maboya anajua kuacha kamba ya ziada. Yeye pia alijua. Siku ya kulifunga boya hili kamba ya stoo iliishia mkononi, akasema hii itatosha.

Alifurahi, kwa kuwa shemeji hakuwa mwizi. Papo hapo akaona aibu, kisha hasira, na hasira yenyewe hakujua ampe nani.

Asubuhi alimweleza mkuu yote bila kujitetea. Mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji yako apewe mashua yake," alisema. "Kosa ni letu."

Bi Mstari akashusha pumzi. Mkuu alikuwa bado ameshika daftari la makosa.

"Boya lilianza kutembea lini?"

"Bamvua ya mwezi uliopita."

Mkuu akarudisha kurasa nyuma, moja, mbili, akaligeuza daftari. "Na huyu?"

Mwandiko ulikuwa wa Bi Mstari mwenyewe. Mvuvi mgeni, asiye na ndugu hapa mjini, alikamatwa baada ya bamvua hiyo penye boya la nne kwa kifaa kilekile. Mashua yake ilikwisha kukatwa kuni. Alimkumbuka yule mtu amesimama kwenye mashua, ameshika kichwa kwa mkono mmoja, mwingine ameunyoosha, anapiga kelele.

"Alinionyesha boya," alisema polepole. "Sikugeuka hata kulitazama."

"Kwa nini?" mkuu aliuliza. Hakuwa akimlaumu, alitaka kujua tu.

Bi Mstari alitafuta jibu jingine, lolote. Alitaja kifaa, alitaja jua lililokuwa machoni, akaacha katikati.

"Hakuwa shemeji yangu," alisema.