Mtoto wa Siku Nne Katika Daftari la Nyakiriba

Siku ya kwanza nilifika uwanjani Nyakiriba na kalamu mbili, nikiogopa. Majirani walikuwa wametuchagua kuwa inyangamugayo, yaani raia waaminifu wa kuamua kesi za mauaji ya kimbari katika gacaca, mahakama ya wananchi. Hatukulipwa. Perezida wetu, yaani mwenyekiti wa waamuzi, mkulima wa viazi, aliniuliza nilisoma hadi wapi.

“Darasa la sita,” nikasema.

“Bon! Mi niliachia ya tatu. Donc we utaandika, mi nitanyamazisha watu.”

Na aliwanyamazisha kweli, bila kumdharau hata mmoja. Sijaona tena kiongozi kama yule. Kabla ya kesi yoyote tulikusanya habari nyumba kwa nyumba: nani aliishi hapa, nani aliuawa, wapi. Zamu ya nyumba yangu ilipofika niliinuka, kwa kuwa mwamuzi hagusi habari za watu wake. Mwenzangu ndiye aliyemwandika mume wangu kati ya waliouawa.

Siku moja alikuja mama aliyerudi kutoka Tanzania, akitafuta habari za dada yake. Alitaja jina la baba yao. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe wala harithi la baba, kwa hiyo hilo halikumsaidia. Nikamwuliza kilima walichoishi na majina ya majirani, tukaipata nyumba yao daftarini, kati ya waliouawa: dada, mumewe, wavulana wawili.

“Na mtoto?” akauliza. “Barua yake ya mwisho ilisema ana mimba.”

Jirani mmoja mzee akasimama. “Alizaliwa, mama. Musichana. Alikuwa na siku ine tu. Mi nilisema hapa.”

Alisema kweli, nami nilikuwa nimemsikia. Nilimwacha mtoto yule nje ya daftari kwa sababu karatasi ilitaka jina, na kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane. Nikakiri mbele ya wote.

Perezida hakunifokea, aliniambia tu: “Mama, hakuwa na jina, lakini alikuwa mutu. Andika.”

Nikaandika: mtoto mchanga, msichana, siku nne, hajapewa jina. Yule mama akausoma mstari kwa sauti, akaketi kwenye majani, akalia kwa mara ya kwanza tangu afike.

Sasa gacaca zimefungwa, na madaftari yamehifadhiwa Kigali. Vijana wanaotafuta watu wao huniuliza waanzie wapi. Nawaambia waulize kilima, waulize nyumba. Halafu, kama aliyeandika bado yu hai, wamwulize ni nani aliyeachwa nje ya daftari.