Kadi za Harusi ya Shighatini

Nakumbuka siku moja pale Same, mwanangu, kompyuta ilinigomea mpaka nikataka kuipiga teke. Usicheke. Jana nimekuona ukiifokea simu yako eti inachelewa kusasisha programu, nikajiona mimi mwenyewe wa siku ile.

Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, maduka yamejaa vitu na mifuko yetu haina kitu. Nilikuwa nachapa kadi na barua kwenye duka la stesheneri karibu na stendi. Tajiri wangu akaleta CD ya programu mpya, akataka niiweke siku hiyohiyo. Sijui nani alimtuma. Nimeshaanza kuiweka, mara akaingia Mzee Mbonea wa Shighatini, amefuata kadi za harusi ya binti yake. Harusi ni Jumamosi, siku hiyo ni Alhamisi, na kadi bado zimo ndani ya kompyuta.

Tukakaa wawili tukitazama kile kimstari cha buluu kikijivuta. Kikikaribia mwisho kinakwama, kompyuta inasema imeshindwa, tunaanza upya. Halafu umeme ukakatika, maana kulikuwa na mgao. Uliporudi, programu mpya haijaingia na ya zamani haifunguki. Nikalia. Harusi isiyo na watu ni aibu ya ukoo mzima, na mzee wa watu hakuwa na kosa lolote.

Yeye akavaa kofia yake. "Binti, kwetu mtu mzima hata hivyo haalikwi kwa karatasi, anafuatwa nyumbani kwake," akasema. "Twende. Kadi ni wewe."

Tajiri akaniruhusu, nadhani kwa haya. Kesho yake nikazunguka Ugweno na shangazi wa bibi harusi, mlango kwa mlango. Sasa kule, mwanangu, mwaliko hausemwi umesimama. Unakaa, unaulizwa habari za kwenu, unaletewa makande, na kukataa ni matusi. Nilikula makande mpaka nikalegeza kanga. Nyumba ya mwisho nikaomba maji tu, na kijana aliyeniletea akacheka hadi akayamwaga. Akaahidi kuja harusini.

Alikuja, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa migombani. Kijana mwenyewe ndiye baba yako, huyo anayekoroma barazani.

Basi mashine ikigoma, mwanangu, usimalizie hasira zako juu yake. Jiulize kazi yenyewe ilikuwa nini. Yangu haikuwa kadi, ilikuwa kuita watu, na mdomo na miguu ninayo. Iache kompyuta ihangaike, wewe inuka umhudumie anayekusubiri.

Mungu akupe moyo mtulivu na miguu isiyochoka. Kila mlango utakaobishia hodi ufunguliwe na mtu mwenye kicheko, na Mungu akujalie tumbo la kupokea makande yote utakayokaribishwa.