Jagi la Nasimiyu Lafika Jangwani

Hapa Kabiria, Nairobi, ukimwona Nasimiyu anakuja na jagi mkono wa kulia na beseni mkono wa kushoto, ujue chakula kimeiva. Iwe harusi au matanga, hata mchungaji akipita tu kusalimu, yeye ndiye wa kunawisha watu. Hakuna aliyemchagua. Alianza mwenyewe mwaka aliohamia kutoka Bungoma, na tangu hapo mtu mwingine akilishika lile jagi anaonekana kama ameliiba. Siku za kazi huwa anapika chai kwenye ofisi moja Upper Hill, ambako wanamwita "wewe wa chai". Jina lake liko huku kwetu.

Ana sheria zake. Maji yawe ya vuguvugu. Mbele ya mzee anapiga goti kidogo. Na hapimi: anamimina mpaka mgeni mwenyewe aseme asante. "Ukimbania mgeni maji ya mikono," husema, "hicho chakula unampa cha nini?"

Mwezi wa nane Wahu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwenye nyumba za kupangisha kule Kinoo na sauti ya kuwafukuza wasiolipa, alitangaza kwamba pikiniki za Uhuru Park zimetosha.

"Kila mwaka tunakaa kwa nyasi kama kondoo," alisema. "Safari hii ni Chalbi, jangwani. Kuna kupanda ngamia, kuna kuteleza kwa mchanga na gunia, usiku mnalala chini mkiangalia nyota. Na mtu asiniambie mgongo inamuuma."

Wakaenda. Walifikia kijiji kidogo kando ya jangwa, kwa mama mmoja wa Kigabra aitwaye Talaso. Na siwezi kudanganya, walifurahi. Wahu aliteleza kutoka juu ya kilima cha mchanga na gunia lake, leso ikabaki huko nyuma. Nasimiyu alipanda ngamia akamwita Yesu kwa Kibukusu mpaka aliposhushwa. Walitembea juu ya ile ardhi nyeupe ya chumvi wakiimba, na jioni wakarudi wamejaa vumbi hadi kwenye kope.

Talaso alikuwa amewachinjia mbuzi. Nasimiyu akaona mitungi miwili ya maji imeegemezwa kwenye kibanda, na mikono ikaanza kumwasha. Ndani ya basi kulikuwa na katoni za maji ya chupa, lakini hayo, kila mtu alikubali, ni ya kunywa. Akajaza jagi lake kutoka mtungini, akaanza kuzunguka.

Alimimina kama anavyomimina Kabiria. Watu walinawa mpaka kwenye viwiko, wengine wakaosha na uso. Baada ya kula akarudia mzunguko, safari hii na sabuni. Beseni likijaa anamwaga, na mchanga unameza papo hapo. Talaso alisimama mlangoni akiangalia. Nasimiyu alidhani anavutiwa na adabu yake, basi akazidi kupiga goti.

Walipobaki watu wawili wa kunawishwa, mtungi wa pili ukakauka. Akamwendea Talaso.

"Mama, naomba maji kidogo tu, nimalizie hawa."

"Imekwisha," Talaso akasema polepole. "Hapana shida. Wewe mgeni."

"Basi nionyeshe kisima nichote mwenyewe."

Talaso akaelekeza kidevu upande ambao hakukuwa na kitu chochote cha kuonekana. "Mbali. Naenda na ngamia asubuhi, narudi usiku."

"Na haya yalikuwa ya nini?"

"Ya nyumba."

Aibu ilimshika Nasimiyu mwili mzima. Aliangalia pale alipokuwa akimwaga, na hata unyevu haukuwepo. Nyota zilipotoka, wenzake wakalala chali wakionyeshana. Yeye alijifunika leso hadi usoni.

Asubuhi Talaso aliwaletea chai. Ilikuwa nzito, nyeupe, ya maziwa ya ngamia.

"Aki hawa watu wanaishi vizuri," Wahu akasema. "Chai ni maziwa tupu, hakuna hata tone ya maji. Na sisi huko tunajinywea chai ya rangi." Wote wakacheka, wakaomba kuongezewa.

Nasimiyu alikuwa na kikombe mkononi, hajakionja. Zile katoni alikuwa akiziona kwa dirisha la basi. Alihitaji kusema maneno machache tu: tuwaachie maji, jana nimewamalizia yao. Lakini angesema hivyo, nani tena angempa jagi? Alifungua mdomo mara moja, Wahu akamgeukia, naye Nasimiyu akasema tu chai ni tamu.

Kabla ya kupanda basi aliificha chupa yake ya maji, iliyobaki nusu, nyuma ya kigoda cha Talaso, akaondoka upesi kama mwizi. Basi lilipoanza kusogea, Talaso akaja mbio, akagonga dirisha, akamnyooshea ile chupa.

"Mama, umesahau."

Basi zima likapiga makofi. "Mnaona uaminifu?" Wahu akasema. "Hata maji nusu chupa anarudisha." Nasimiyu akaipokea. Hakuinywa mpaka Kabiria.

Jumapili iliyofuata, kwenye chakula cha kanisa, Wahu alitoa ushuhuda wa safari. Akasimulia gunia, ngamia, nyota na ile chai. Mwishoni akamsimamisha Nasimiyu mbele ya watu. "Huyu mama wa kwetu hata jangwani hakutuaibisha. Alitunawisha wote kama tuko nyumbani." Kanisa likapiga makofi tena, na mtu akamletea jagi.

Wahu alikuwa wa kwanza kunyoosha mikono. Nasimiyu akapiga goti, akamimina kamkondo kembamba.

"Ongeza, dada," Wahu akasema akicheka. "Hapa si jangwani."

Akaongeza.